Fundi Aliyesoma Nyuso za Saa

Mara ya kwanza nilipomwona Fundi akitumia kibano chake kwa kazi isiyo ya saa, alikichoma kwenye kiganja cha mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa dalali wa saa kuukuu. Alikuja dukani kwetu Naif, huko Deira, Dubai, baada ya sala ya adhuhuri, na boksi la saa kumi na mbili alizotaka Fundi azitazame nyuso. Uso wa saa ni lile bamba lenye namba linalokaa chini ya kioo. Kwa wanaokusanya saa za zamani, roho ya saa iko hapo. Uso ukiwa ni ule uliotoka nao kiwandani, hata uwe na madoa, saa inaheshimiwa. Ukiwa umefutwa na kupakwa upya, hata ung'ae vipi, wanunuzi wanaurudisha kama samaki aliyelala. Fundi aliziangalia moja baada ya nyingine, akasukuma kumi na moja pembeni.

"Hizi zimepakwa," alisema. "Na aliyezipaka alikuwa na haraka zake."

Dalali alikuwa keshamwahidi mteja. Akamwomba Fundi aseme vingine mteja atakapofika. Fundi akatikisa kichwa. Dalali akapeleka mkono juu ya meza, akamkaba koo, na Fundi, bila kuinuka, bila hata kuitoa lenzi jichoni, akakishindilia kibano kwenye kiganja cha ule mkono mwingine uliokuwa umeegemea meza.

Damu iliruka mpaka kwenye kioo cha kabati. Dalali alipiga ukelele, akaachia koo. Fundi akakichomoa kibano, akakifuta kwa kitambaa cha pamba, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Hiki kibano changu. Sina kingine." Kisha akaitazama saa ya kumi na mbili, akaona ni nzuri, akamrudishia.

Mwezi haukuisha, dalali yule yule akarudi na boksi jingine, kovu mkononi. Hakukuwa na jicho jingine Deira ambalo wanunuzi waliliamini.

Mimi nilikuwa nimetoka Singida kuja kufanya kazi za ndani. Madam wangu alipohama nchi, nikapata nafasi ya kuuza kwenye kaunta ya duka lile. Tuliuza saa mpya za bei rahisi, za jumla, kwa wafanyabiashara wanaopeleka mzigo Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Arbab wetu, yaani tajiri mwenye duka, Mpakistani mpole mwenye kisukari, alikuwa amempa Fundi kona ya dirishani, meza moja na taa moja, kwa sababu sifa za Fundi zilileta watu. Nilikaa naye hapo miaka sita, umbali wa mkono mmoja. Wote walimwita Fundi, nami sikuwahi kumwita vingine.

Alikuwa mtu wa Unguja aliyekaa Dubai tangu Deira ina vichochoro vya mchanga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko tabia yake. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kuanzia juu mpaka katikati, na ukimwuliza alisema, "Kulikuwa na mtu mwenye pete," basi.

Wiki yangu ya pili nilinyoosha kidole kuugusa uso wa saa uliokuwa mezani kwake, nikitaka kujua kama ni chuma au ni plastiki. Alinipiga na koleo kwenye vifundo vya vidole. Alinipiga kweli, mpaka machozi yakanitoka.

"Jasho la kidole chako litakula rangi iliyokaa miaka hamsini," alisema.

Nilikwenda kuuchukua ubao tuliokuwa tunafungia mlango, nikarudi nao. Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Wewe ni mkubwa wangu. Lakini ukinigusa tena nitakupasua kichwa na hili."

Aliutazama ubao, akanitazama mimi. Akacheka, kicheko kidogo kama mtu anayekohoa. "Marahaba," alisema. "Weka ubao, mwanangu. Njoo nikuoneshe ulichotaka kukiharibu."

Hakunipiga tena. Na ndivyo nilivyoanza kufundishwa, ingawa mwenyewe hakupata kusema kwamba ananifundisha. Alikuwa akisogeza kiti kidogo, ananiachia nafasi, na mimi najua ni wakati wa kuja kutazama.

Alianza kila saa bila lenzi. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, akaiinamisha huku na huku kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Alisema jicho tupu huona uongo mkubwa, na lenzi huona uongo mdogo, na watu wengi hukimbilia lenzi wakaukosa mkubwa. Ndipo alipokuja kwenye herufi. Herufi za kiwandani zimesimama juu ya rangi, zina ukingo, ukizipitishia mwanga kwa ubavu zina kivuli chake. Zilizochorwa upya hulala, au huvimba mahali na kukonda mahali. Vijistari vya dakika lazima vikutane sawasawa na alama za saa. Mpakaji akikosea kistari kimoja, vyote vinavyofuata vinakwenda upande kama safu ya watu walevi. Rangi ile ya kung'aa gizani, iliyoko kwenye namba na kwenye akrabu, ile mishale ya saa, lazima iwe imezeeka pamoja. "Waliozeekea nyumba moja hufanana," alikuwa akisema. Akrabu nyeupe juu ya namba za rangi ya chai, hapo mmoja wao ni mgeni.

Ikibidi, alifungua saa na kuutoa uso wenyewe, akautazama mgongo. Wapakaji wengi hukata kijipengo pembeni mwa bamba, ili wakishafuta kila kitu wajue juu ni wapi. Fundi alipitisha ukucha kuuzunguka uso mzima, polepole, macho yamefumbwa. Ukucha ukikwama, mambo yamekwisha.

Angeweza kutumia saa nzima kwa uso mmoja, pumzi ameishika ili asiutie mvuke. Mtu yule yule alipiga teke mlango wa lifti kila siku kwa sababu ulichelewa. Alimrushia muuza juisi jagi lake mwenyewe kwa kuongeza maji. Siku moja, kwenye foleni ya choo cha msikitini, mtu alimpita, naye alimkamata ukosi akamgonga ukutani, kisha akaingia, akatawadha na kuswali akiwa na damu ya mwenziwe kwenye mkono wa kanzu. Nilimwuliza kama swala ile ilifaa. Akasema hilo ni baina yake na Aliyemuumba, na nikauze saa.

Watu walimwogopa, na nadhani alipenda kuogopwa. Lakini mama yangu alipofariki, na tiketi ikawa haiwezekani kwa wakati, yeye ndiye aliyegeuza kibao cha duka kikasema limefungwa, mbele ya arbab, akavuta kigoda akakaa karibu nami kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Hakunipa pole wala hakusema Mungu amempenda zaidi. Mteja mmoja alipogonga kioo, Fundi alimwonesha nyundo kutoka ndani. Ndiyo rambirambi pekee niliyoipata Dubai, na bado naikumbuka kwa shukrani.

Alikuwa na kauli moja aliyoirudia kwa kila mteja: "Niulize wa asili au si wa asili. Usiniulize zaidi." Nilidhani ni ukali tu. Nilikuja kuelewa siku waliyoingia wale ndugu wawili.

Walikuwa watoto wa mzee mmoja wa Kiunguja aliyefia Satwa, mtaa mwingine wa Dubai, miezi michache nyuma. Mkubwa, Nassor, alikuwa mshonaji wa kanzu na abaya, ana duka lake hapo hapo Satwa. Mwembamba, sauti ya chini, kipimo cha nguo kimening'inia shingoni hata siku ile. Mdogo, Suleiman, alikuwa dereva wa lori la ghala moja la Dubai Investments Park. Mabega mapana, macho mekundu ya mtu asiyelala. Baba yao alikuwa na saa ya mkononi aliyoivaa tangu ujana, na maisha yake yote alijisifu kwamba haijaguswa na mtu, iko kama alivyoinunua. Alipokufa, Nassor alikaa nayo wakati wa matanga. Suleiman alipoishika baadaye, akaona uso unang'aa kupita umri wa saa yenyewe. Mtu akamtia sumu masikioni: kaka yako ameutoa uso wa asili akauza, akaweka wa kuchora.

"Mie sijagusa kitu, Fundi," Nassor alisema. "Tazama wewe, umwambie."

"Na ukweli ukitoka, kila mtu akae nao," Suleiman alisema.

Fundi aliipeleka saa mlangoni. Niliona akisimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Akarudi, akaifungua, akautoa uso, akapitisha ukucha pembeni. Ukucha ulikwama. Akaurudia pale pale, mara mbili.

"Umepakwa upya," alisema.

Suleiman hakumtazama kaka yake. Alimtazama Fundi. "Lini?"

Fundi alikuwa anarudisha uso mahali pake. "Niulize wa asili au si wa asili."

"Nakuuliza lini. Mwaka huu, au zamani?"

"Khalas, nimeshajibu."

Nassor alisema, "Fundi, tafadhali. Hilo linajulikana. Mwambie."

Fundi aliendelea kukaza kifuniko cha nyuma cha saa.

Hapo Suleiman aligeuka. Pigo la kwanza lilimpata Nassor taya, nikasikia meno yakigongana. La pili lilimrusha nyuma. Nassor akanyoosha mkono wa kulia ajizuie, na mkono ukapita kwenye kabati la vioo hadi kwenye kiwiko. Kioo cha juu kikamshukia. Suleiman alikuwa bado anampiga, anamvuta kwa kipimo cha nguo shingoni na kumpiga, na kila akimvuta, mkono ulikuwa unakerezwa na vioo. "Umemwibia baba," alikuwa anasema. "Umemwibia baba hajapoa kaburini." Nassor hakujibu pigo hata moja. Alikuwa akiutazama mkono wake.

Nilimrukia Suleiman mgongoni, nikamng'ata bega. Wapagazi wa nje waliingia, wanne, wakamlaza chini. Nilivua ushungi nikaufunga mkono wa Nassor juu ya kiwiko, nikaukaza kwa bisibisi ya Fundi kama tulivyofundishwa shuleni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjuka, havijibu. Aliniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Dada, mbona sivisikii?"

Nikainua macho kumtafuta Fundi anisaidie. Mtu ambaye hakuna ugomvi Naif uliompita alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amefunika saa ile kwa viganja viwili, hajainuka.

Polisi walikuja, gari la wagonjwa likaja. Sote tuliandikisha maelezo. Suleiman alifungwa miezi kadhaa, akapoteza kazi, akaja kupata nyingine baadaye kwenye ghala la jirani. Nassor alishonwa mishipa mara mbili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi. Mshonaji hashiki mkasi kwa vidole viwili.

Wiki moja baada ya siku ile, tukiwa tunaokota bado vipande vya vioo kwenye nyufa za sakafu, Fundi alisogeza kiti chake. Nikajua ananiita. Nikakaa.

"Ule uso niliupaka mie," alisema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Zamani nilikuwa mpakaji. Satwa, nyuma ya gereji, chumba hakina dirisha. Unafikiri nimejulia wapi uongo wao? Mie ndiye niliyekuwa mwongo mwenyewe. Kijipengo changu nilikikata karibu na namba nane, wenzangu wote walikata juu. Nilipougusa nikaujua kama ninavyoujua mkono wangu. Yule mzee alikuja mwenyewe. Maji ya bahari yalikuwa yameingia, uso umeota kutu. Akaniambia, ifanye kama mpya, na usimwambie mtu mpaka nife, maana nimewaambia watoto haijaguswa. Nikamwapia."

"Na ameshakufa," nilisema.

"Ameshakufa."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ningesema ni zamani, wangeuliza nimejuaje. Ningesema nimejuaje, kesho Deira nzima ingejua kwamba hili jicho wanaloliamini ni la mpakaji. Nilikuwa nahesabu maneno. Nilifikiri watatoka nje wakatukanane, wakanywe chai. Sikujua yule mdogo ana mkono mwepesi kama wangu."

Nilimwambia aende polisi siku hiyo hiyo. Alisema inshallah. Nilimwambia tena kesho yake, akarusha taa ya mezani ukutani. Mara ya tatu nilimwambia mimi nitakwenda mwenyewe. Akanitazama, akasema taratibu, "Nenda." Sikwenda. Visa yangu ilikuwa kwa arbab, arbab alikula kwa jina la Fundi, na maelezo yangu yalikuwa yamekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi. Nilijiambia si siri yangu. Kwa hiyo nikikaa hapa kumwandika yeye kwamba alinyamaza, nanyi jueni kwamba tulikuwa wawili. Mkataba ulipoisha nikaondoka, nikapata kazi kwenye kantini ya kambi ya wafanyakazi huko Dubai Investments Park. Hatukuagana.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile ya vioo. Siku moja mchana, tumemaliza kugawa chakula, mlinzi Mkenya wa getini akaja jikoni. "Dada, kuna mzee hapa nje. Anasema ni fundi wako. Nimemwambia akae kivulini, anakataa."

Alikuwa amesimama juani, kanzu nyeupe, amekonda. Jicho la kulia lilikuwa na utando kama maziwa. Aliniambia meza ya Naif ameiacha, haoni tena herufi. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasema, "Naenda Satwa kwa Nassor. Nataka shahidi, nisije nikageuka njiani."

Nilivua aproni. Tukapanda basi mpaka Satwa.

Nassor alikuwa ameketi mlangoni kwa duka lake. Ndani, mafundi wawili aliowaajiri walikuwa wanashona. Yeye alikuwa akipima tu, kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umelala pajani. Alinitambua mimi kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona aliye nyuma yangu.

Fundi hakukaa. Alisema yote akiwa wima, kama alivyoniambia mimi: chumba cha Satwa, kijipengo, maji ya bahari, kiapo. Hakujitetea kwa lolote. Alipofika pale Suleiman alipouliza lini, alisema, "Nilijua jibu. Lilikuwa mdomoni. Nikalimeza." Vyerehani vilikuwa vimenyamaza.

Nassor aliinuka. Alimpiga Fundi usoni kwa ule mkono wa kulia, mkono usiokunjika, kama ubao. Mdomo ukapasuka. Akampiga tena. Nilisogea, Fundi akanizuia kwa kiganja. Mtu yule niliyemjua, ambaye angemvunja mbavu mtu kwa kukanyagwa kiatu, alisimama mikono imeshuka, akapokea la tatu na la nne, na damu ikamtiririkia kwenye ndevu mpaka kwenye kanzu. La tano Nassor hakuweza. Mkono ulikuwa umemuuma yeye kuliko aliyepigwa. Aliukumbatia tumboni, akakaa chini kwenye kizingiti, analia kwa maumivu, bila aibu, mbele ya wafanyakazi wake.

Tukamngoja.

"Miaka miwili," alisema mwishowe. "Salamu za Suleiman nazirudisha mlangoni. Mwanawe kazaliwa, sikwenda kumwona. Nilisema, kama ndugu yangu ananijua mwizi, basi sina ndugu."

Akatoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaihangaikia kwa kidole gumba, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara moja tu. Nadhani mdogo wake alikuwa ameishika yake mkononi, au huenda kila ilipoita alitarajia jina lile.

"Kaka?" sauti ya Suleiman ilisema. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa lori. Mngurumo ukazimwa. "Kaka, ni wewe?"

Nassor alimnyooshea Fundi simu.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Alijaribu kusema, mdomo uliopasuka ukamkatalia. Akameza damu, akajaribu tena.

"Si kaka yako," alisema. "Ni mie, fundi wa saa. Yeye yupo hapa, mzima. Usikate, mwanangu. Nina jibu lako."